Shajara ya Mradi: Kupunguza Paka wa Mitaani katika Mji wa Kale, Mombasa

Shajara hii inawekwa ili kikundi chochote cha pwani kitakachotaka kufanya kazi kama yetu kipate pa kuanzia. Njia tunayoifuata inajulikana kwingi: paka hukamatwa kwa mtego, huhasiwa na daktari wa mifugo, huchanjwa, kisha hurudishwa palepale alipotoka. Hatua zilizokwenda kama zilivyopangwa zimeandikwa kwa ufupi. Zile zilizotushinda, zikala fedha au zikatukosanisha na majirani, zimepewa nafasi zaidi.

11 Januari 2025. Hesabu ya kwanza

Eneo lililochaguliwa ni dogo kwa makusudi: vichochoro vitatu vya Kibokoni pamoja na njia inayoteremka hadi soko la samaki karibu na Bandari ya Kale. Pendekezo la kuzunguka Mji wa Kale wote na kumhasi paka yeyote atakayepatikana lilikataliwa, na sababu yake ni hesabu ya uzazi. Paka jike hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65, anaweza kushika mimba ya kwanza akiwa na miezi mitano au hata minne, na huweza kushika nyingine ilhali watoto wa kwanza bado wananyonya. Katika nchi za baridi, mchana mfupi wa kipupwe humpumzisha; Mombasa iko takriban nyuzi nne kusini ya ikweta, urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuhisiwa, na kwa hiyo uzazi hauna msimu wa kusimama. Majike wachache wakihasiwa katika kila mtaa, wenzao hujaza pengo upesi. Wakihasiwa karibu wote katika vichochoro vitatu, idadi huanza kushuka.

Tuliwahesabu alfajiri, baada ya sala, saa ambayo mashua hushusha samaki na paka huwa nje. Daftari lilikuwa na safu za rangi, jinsia, alama na mahali. Paka mwenye rangi tatu, yaani nyeupe, nyeusi na ya chungwa kwa pamoja, tulimwandika jike bila kumkaribia, kwa kuwa karibu wote wa namna hiyo ni majike. Wa rangi ya chungwa pekee mara nyingi huwa dume. Safu ya mwisho, "anakula kwa nani", iliongezwa baadaye kwa sababu ya bibi mmoja aliyetukuta tukiandika, akatuuliza: "Wanangu, huyu mnamwandikaje wa mitaani na kila jioni anakula kwangu?"

Safu hiyo ndiyo iliyokuja kuubeba mradi. Katika paka kama sitini waliomo daftarini hatukupata hata mmoja asiye na mlishaji. Huyu hupewa matumbo na muuza samaki, yule hupewa makombo ya wali mlangoni, mwingine ana milango kadhaa na katika kila mlango ana jina lake. Msaada wa umma kwa wanyama hawa ulikuwapo kabla yetu, ila ulikuwa umeishia kwenye chakula, na chakula bila kuhasi ni uzazi zaidi.

Wazee wachache walishauri sumu. Mbali na ukatili wake, na mbali na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, sumu haimalizi kazi: chakula kikibaki sokoni, paka wa mitaa ya jirani huhamia pale palipoachwa wazi, na miezi michache baadaye idadi hurudi ilipokuwa.

1 Februari. Mitego

Mitego ya kuagiza kutoka nje ilikuwa ghali, hivyo tulimpa kazi fundi wa kuchomelea kwa Sh 3,500 kwa kila mtego, vyuma vikiwa vyake. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro tatu. Bamba la kukanyaga lilikaa katikati, na mlango ukawa unamwangukia paka mgongoni kabla hajaingia wote. Matundu ya wavu yalikuwa mapana, na paka aliyetaharuki aliweza kuingiza pua na kucha na kujiumiza. Mlango nao haukuwa na komeo, na paka shume mmoja aliuinua kwa kichwa akaenda zake. Toleo la pili lina urefu wa sentimita 90, bamba limesogezwa hadi theluthi ya nyuma, matundu ni ya nusu inchi, na mlango una komeo linaloanguka lenyewe. Marekebisho yalikula Sh 600 kwa kila mtego, gharama ambayo anayeanza leo hana haja ya kuilipa.

Mitego ilipokuwa sawa, ilikaa mitupu. Ilikuwa bado msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia, samaki ni tele, na paka aliyeshiba matumbo ya changu hana sababu ya kujitia ndani ya chuma. Tulijaribu nyama, samaki wabichi na maziwa bila mafanikio. Kilichosaidia kilikuwa mambo matatu kwa pamoja. Mlango wa mtego hufungwa kwa kamba ubaki wazi kwa siku kadhaa, na chakula cha kila siku huwekwa ndani hadi paka auone kuwa ni mahali pa kawaida. Walishaji wote wa kichochoro huzuia chakula jioni moja kabla ya kukamata. Chambo huwa dagaa waliokaangwa, wakiwa bado na joto, kwa sababu harufu yao hujitenga na harufu ya soko. La pili ndilo gumu, maana mlishaji mmoja asiyekubali huharibu kazi ya wote. Hapo hatukuwa na la kufanya ila kumwomba yule bibi, naye alipita mlango kwa mlango akizungumza na wenzake kwa lugha ambayo sisi tusingeiweza.

Mtego ukishafunga, hufunikwa mara moja kwa gunia au kanga kuukuu, kwani paka asiyeona watu hutulia. Glavu nene ni lazima. Anayeumwa au kuparurwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

16 Februari. Upasuaji wa kwanza

Nchini Kenya kazi hii ni ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na kikundi kisishawishike kumtumia mtu asiye na usajili kwa ajili ya unafuu wa bei. Tulikubaliana Sh 2,500 kwa jike na Sh 1,500 kwa dume, pamoja na dawa ya maumivu na chanjo ya kichaa cha mbwa. Bei hiyo ilipatikana kwa sharti la kupeleka paka kadhaa kwa pamoja katikati ya wiki, siku ambazo kliniki ina nafasi. Majike hupasuliwa ubavuni badala ya tumboni, ili mlishaji aweze kukiona kidonda akiwa mbali, na hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, kwa kuwa kumkamata tena ili kutoa nyuzi ni jambo la kubahatisha. Madume hurudishwa baada ya usiku mmoja, majike baada ya usiku mmoja au miwili.

Tatizo lilitokea kwa jike mmoja ambaye, baada ya kupewa nusukaputi, alionekana ana maziwa. Maana yake ni kwamba watoto wake walikuwa wamefichwa mahali wakimngoja. Daktari alimaliza upesi, paka akarudishwa usiku uleule mara alipozinduka vizuri, na mlishaji wake akawaonyesha vijana wa kikundi ghala ambamo watoto walikuwa wamelala salama. Tangu siku hiyo kila jike hukaguliwa akiwa bado mtegoni: chuchu zikiwa kubwa na manyoya ya kuzizunguka yamelala au yameng'oka, huachiliwa, na tarehe ya kumrudia huandikwa daftarini baada ya watoto kutimiza takriban wiki nane. Wenye mimba iliyokwisha kuonekana huachwa vilevile. Daktari alieleza kuwa upasuaji wao unawezekana, lakini katika mtaa huu jambo hilo lingetupotezea walishaji, na bila walishaji mradi hauna mitego inayokamata. Uamuzi huu unairefusha kazi na tumeukubali.

15 Machi. Chumba cha wagonjwa

Katika mwezi wa Februari, picha ya mtoto wa paka aliyevunjika mguu ilisambazwa katika vikundi vya WhatsApp vya mtaa. Michango iliyoingia kwa siku mbili ilizidi yote iliyowahi kuchangwa kwa ajili ya kuhasi, na baadhi ya wachangaji waliandika sharti kwamba fedha hizo ni za yule mgonjwa peke yake. Kwa furaha ya kupata fedha kikundi kilikodi chumba nyuma ya duka kwa Sh 6,000 kwa mwezi, ili kiwe mahali pa kuwatunza paka walioumia.

Habari za chumba zilikwenda mbali kuliko tulivyokusudia. Kufikia wiki ya kwanza ya Ramadhani, maboksi ya watoto wa paka yalikuwa yakiachwa mlangoni usiku, mengine yakitoka Likoni, na chumba kilichokusudiwa wagonjwa wachache kikajaa. Kisha ukaingia panlekopenia, ugonjwa mkali wa virusi ambao huitwa pia parvo ya paka. Watoto walitapika, wakahara, wakakataa hata maji, na wengi wa wale wasiochanjwa walikufa ndani ya siku chache. Kirusi chake hubebwa na mikono, nguo na vyombo, na kinaweza kudumu katika vumbi na mbao za chumba kwa muda unaokaribia mwaka. Spiriti haikiui. Vijana walikuwa wakipiga deki kwa dawa ya aina ile inayogeuka nyeupe ikitiwa maji, na daktari aliipiga marufuku mara moja: dawa za jamii ya fenoli haziaminiki dhidi ya kirusi hiki, na juu ya hayo ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja fenoli kama ini la binadamu linavyofanya.

Usafi uliofaa ulikuwa huu. Uchafu wote huondolewa kwanza kwa sabuni, kwa sababu kinyesi na matapishi hudhoofisha klorini. Kisha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huchanganywa, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, ikatandazwa na kuachwa kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Maboksi na matambara yalichomwa moto. Chumba kilifungwa na hakitafunguliwa tena. Kodi, dawa, maziwa na chakula vilikwisha kula takriban Sh 48,000, fedha ambazo zingetosha kuwahasi majike 19.

Wachangaji hawana lawama hapa. Mtu hutoa kwa kile anachokiona, na jike ambaye hatazaa hana picha ya kumpiga. Kilichobadilishwa ni mpango wetu. Mgonjwa sasa hulelewa katika nyumba isiyo na paka mwingine, akitengwa kwa siku 14. Boksi la watoto likiletwa, swali la kwanza ni mama yao yuko wapi. Wakiwa wazima hurudishwa kwake, na mama huyo huwekewa mtego wakishaacha kunyonya. Swali hilo mwanzoni liliwaudhi watu, hasa waliotoka mbali wakitegemea kupokewa, lakini ndilo lililotufikisha kwa majike ambao wasingejulikana kamwe. Picha nazo hazikuachwa: kila picha ya mgonjwa sasa huwekwa pamoja na picha ya mama yake na gharama ya kumhasi, na mchangaji huombwa alipie vyote viwili.

6 Aprili. Sikio

Paka aliyehasiwa hukatwa ncha ya sikio la kushoto, kiasi cha sentimita moja, akiwa bado chini ya nusukaputi, ili atambulike kwa mbali na asikamatwe mara ya pili. Mbadala ulifikiriwa: ukanda wa shingoni hunasa kwenye misumari na matawi, na alama ya wino haionekani ila paka akiwa mkononi. Baada ya Idi lilizuka neno sokoni kwamba kikundi kinawatia paka kilema. Hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie nayo ilitajwa dhidi ya mitego, na haikuwa hoja ya kupuuzwa.

Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wa karibu, si kumwomba atutetee bali kumweleza kila hatua na kumwachia aseme. Alianza kwa kukumbusha kuwa paka si najisi na kwamba Mtume alimtaja miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Kuhusu kuhasi alisema wanazuoni wametofautiana, naye anaegemea rai ya wanaoruhusu pale penye manufaa na pasipo madhara makubwa kwa mnyama. Aliweka masharti mawili: paka asikae mtegoni bila chakula na maji kwa muda zaidi ya unaohitajika kwa upasuaji, na arudishwe kwake. Masharti hayo yamebandikwa kwenye kila mtego, na yamesaidia kuliko maelezo yote ya kitabibu tuliyokwisha kuyatoa.

25 Mei. Fedha

Hadi mwezi huu michango ilikuwa ikiingia M-Pesa kwa namba ya mwanakikundi mmoja. Hapana senti iliyopotea, lakini muuza samaki mmoja alisema mbele za watu, "Nyinyi mnakula kwa jina la paka," na hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha. Kikundi kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kina akaunti yenye waweka sahihi watatu, na hesabu ya kila mwezi hubandikwa ukutani kwenye duka la dawa la mtaa: kilichoingia, kilichotoka, na paka gani, kwa rangi na kichochoro chake.

Jambo la pili lilileta tofauti kubwa zaidi. Badala ya kuomba mchango wa jumla, kila kichochoro sasa huchangia paka wake wenyewe, wale ambao watu wake huwalisha. Anayetoa Sh 100 humwona paka aliyemtolea akipita na sikio lake lililokatwa. Wauza samaki, ambao wengi hawakupenda kutoa fedha, waliombwa kitu kingine: kuweka matumbo na matamvua katika mapipa yenye vifuniko badala ya kuyaacha chini. Mapipa yenyewe yalinunuliwa na kikundi. Yule aliyetutuhumu ndiye anayesimamia vifuniko, na ni mkali kuliko tulivyomtarajia.

20 Julai. Kusi

Hili halikupangwa. Upepo wa kusi ulipokaza, mashua ndogo nyingi zilikaa nchi kavu, matumbo yakapungua sokoni, na paka waliotukwepa tangu Januari wakaanza kuingia mitegoni. Anayeanza mradi kama huu katika mwambao wetu apange ukamataji mkubwa kati ya Mei na Agosti, na atumie miezi ya kaskazi kuhesabu, kutengeneza mitego na kuzungumza na watu. Tahadhari moja: mvua ikinyesha, paka aliyetoka kwenye nusukaputi hawezi kulihifadhi joto la mwili wake, kwa hiyo hulazwa juu ya magazeti makavu ndani ya nyumba hadi atembee bila kuyumba.

28 Septemba. Chanjo

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani tuliitumia kuwaalika hata wasiojali paka. Hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, lakini paka akiumwa na mbwa mgonjwa huweza kumwambukiza mtu, na wazazi huelewa hoja hiyo bila maelezo marefu. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mkakati wa kukomesha vifo hivi kwa watu ifikapo 2030. Tuliwataja pia jirani zetu wa Pemba, ambako kuwachanja mbwa mara kwa mara kuliutokomeza ugonjwa kisiwani. Baadhi ya waliokuja kwa ajili ya chanjo walibaki kuuliza habari za kuhasi, na wamo miongoni mwa wachangaji wa sasa.

Chupa kadhaa za chanjo zilitupwa. Zilihifadhiwa nyumbani usiku kwenye friji, umeme ukakatika, na hakuna aliyejua kwa muda gani. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kugandishwa huiharibu sawa na joto. Sasa huchukuliwa kliniki asubuhi ileile, ndani ya kisanduku cha baridi, barafu ikiwa imezungushiwa kitambaa ili isiguse chupa.

22 Novemba. Hesabu ya pili

Hesabu imefanywa kwa daftari lilelile na saa ileile. Zaidi ya robo tatu ya majike ya vichochoro vitatu wana alama sikioni. Watoto wachanga walioonekana ni wachache mno wakilinganishwa na Januari, na wengi wao ni wa majike wawili wa upande wa soko ambao bado hawajakamatika. Idadi ya paka wazima haijashuka sana, wala haikutarajiwa kushuka kwa mwaka mmoja, kwa kuwa paka mzima aliyehasiwa na kuchanjwa huishi na kuendelea kukaa mahali pake. Wasiwasi uliopo ni wa paka wapya wasiomo daftarini, wapole, waliozoea mikono: hawa walilelewa majumbani na kutupwa hapa na watu waliosikia kwamba Kibokoni paka hutunzwa. Wanaohusika hawajajulikana. Wakati huu tumewaomba wenye maduka ya pembeni wawaulize kwa upole wanaoshusha maboksi, na kuwapa bei ya kuhasi badala ya kuwakemea.

Kazi katika mtaa wa Kuze, humuhumu Mji wa Kale, itaanza kwa hesabu mwezi Januari, na ukamataji utangoja kusi. Mitego minne ya toleo la pili huazimwa kwa kikundi chochote kilichosajiliwa kwa amana ya Sh 2,000, inayorudishwa mitego ikirudi ikiwa safi na imepakwa klorini.